Siku Tisa za Mzee Baciccia

Mliponiomba niandike machache kwa ajili ya wale wanaoanza masomo ya usaidizi wa wauguzi mwezi ujao, nilikubali haraka, halafu nikajuta. Najua mlichotaka. Mlitaka mzee wa kanisa aliyefanya kazi hii miaka kumi na tisa awaambie kwamba ni kazi ya Mungu, na kwamba ukivumilia utanunua nyumba. Nyumba nilinunua, hapa Brooklyn Park, na mgongo nikauharibu, kwa hiyo hayo tumeyamaliza. Nitawaeleza juu ya mzee mmoja na lugha yake. Wakishasoma, waamue wenyewe kama bado wanataka kuvaa ile sare.

Wengi wenu mnaniita Mwalimu Ombati na hamjui kwa nini. Nilifundisha shule ya msingi Kisii kabla sijafika huku Marekani, na niliingia kwenye nyumba ya wazee kule Maplewood nikiwa bado na sauti ya darasani. Wiki ya kwanza niliingia chumba cha kulia na orodha mkononi nikaanza kuita majina kama rejista ya darasa la sita. Bibi mmoja alijaribu kusimama ili aitikie, akakaribia kuanguka na chai yake. Wiki ya pili nilimnyoa mzee mmoja vizuri kabisa, masharubu na yote, nikajipongeza. Binti yake alipokuja kumtembelea alipita kitanda kile mara mbili akimtafuta baba. Masharubu yale yalikuwa na umri kunizidi mimi.

Aliyeniokoa ni Comfort, mama wa Kiliberia, mfupi, mwenye mikono ya chuma. Alinifundisha yale ambayo kitabu huyataja kwa mstari mmoja tu. Kitambaa cha kuogea kiweke kwanza shingoni kwako mwenyewe, ujue kama kina baridi. Sema kabla hujagusa. Suruali huanzia mguu mbovu, na wakati wa kuvua, mguu mbovu huwa wa mwisho. Na jambo la nne alilirudia hadi nikachoka nalo: ukimgeuza mtu kitandani, usitazame mikono yako. "Tazama hapa," aliniambia, akajigusa katikati ya nyusi. "Hapa ndipo utaona kama unamwumiza." Nilifanya hivyo miaka mingi. Halafu nikaja kujiona mjuzi.

Yule mzee aliletwa kwetu majira ya baridi. Faili yake ilisema jina ni John, lugha ni Kiingereza na Kiitaliano. Kiingereza alikuwa nacho miaka hamsini, alifanya kazi nacho, akalea mtoto nacho, lakini ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekifuta chote. Wauguzi wakampigia mkalimani wa Kiitaliano, wakaweka simu karibu na mdomo wa mzee. Mkalimani, mama mwenye subira, alimsikiliza kidogo akasema kwamba hicho si Kiitaliano. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kusini kabisa mwa Italia, na alikuwa anadaka neno hapa na neno pale. Alishauri tuulize familia. Mzee naye aliposikia sauti ikitoka kwenye kile kidude alikisukuma, akanyamaza. Faili ikaandikwa kwamba maneno yake hayaeleweki, na baada ya hapo hakuna aliyempigia mkalimani tena.

Familia ilikuwa binti mmoja, Linda, aliyekuwa akiendesha gari kutoka Lakeville kila Jumapili. Mama yake alishafariki. Nilipomuuliza baba yake anasema lugha gani, aliona haya kidogo. Akanieleza kwamba wazazi wake wote wawili walitoka Genova, mji wa bandari, na mji ule una lugha yake ambayo wenyewe huiita zeneize. Wao waliitumia jikoni mlango ukiwa umefungwa, na waliitumia kugombana. Yeye hawakumfundisha. Baba yake alichapwa shuleni kwa kuisema. Mwalimu aliwaambia ni lugha ya wapagazi wa bandarini, na atakayeing'ang'ania atabeba magunia hadi kufa. Kwa hiyo mtoto wake alimpa Kiingereza peke yake, na Kiitaliano cha kuombea maji.

Nilijishughulisha na kukunja blanketi. Wale miongoni mwenu mliosoma nyumbani zamani mnakijua kile kibao cha mbao kilichofungwa uzi, anachovishwa mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama, akizunguka nacho hadi amkamate mwenzake. Kibao cha darasa langu nilikichonga mimi mwenyewe. Nilikipiga msasa kisimchome mtoto shingoni, na wakati ule niliuona huo kuwa ndio wema.

Linda aliniambia pia kwamba nyumbani hakuna mtu aliyewahi kumwita baba yake John. Mama yake alimwita Baciccia, jina la utani ambalo watu wa mji ule humpa kila aliyebatizwa Yohana Mbatizaji. Alilitamka Bachicha. Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni nikaita, "Baciccia." Yule mzee, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amemgeukia mtu, aligeuza kichwa. Akanitazama kwa muda mrefu, mtu mweusi mwenye sare ya samawati anayejua jina lake. Siku hiyo alikunywa supu yote kwa mkono wangu.

Hapo ndipo niliponasa. Nilinunua kijidaftari kidogo cha mfukoni, nikaanza kukusanya maneno kwa Linda. Alikuwa nayo kama dazeni moja tu, yale aliyoyadaka nyuma ya mlango. Niliyaandika kwa herufi zetu: maji ni *egua*, mkate ni *pan*, baridi ni *freidu*. Kulalamika-lalamika ni *mugunyu*, nikacheka kwa jinsi lilivyokaribiana na mguno wetu. Linda akasema watu wa mji wa baba yake ni mabingwa wa hilo, wanaguna mvua ikinyesha na wanaguna isiponyesha, nisimsikilize sana. Na bahari ni *maa*, kwa kuvuta. Aliniletea picha kubwa ya bandari aliyoikata kwenye kalenda, tukaibandika ukutani upande wa dirisha.

Wauguzi walianza kuniita mkalimani. Wageni wakija, msimamizi alikuwa akiwaonyesha mimi. Nilikuwa nimeanza kutembea kifua mbele kwenye ile korido, na kijidaftari changu kikichungulia mfukoni makusudi.

Ijumaa moja nilipokuwa namvika soksi, Baciccia alisema maneno matatu. "Me fa maa." Nikaruka kwa furaha. Neno la tatu nalijua. Mzee anaikumbuka bahari ya kwao. Nilimwita mwenzangu, tukaleta mashine ya kunyanyulia, tukamtoa kitandani, tukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikamsogeza hadi mbele ya ile picha. Nikamwonyesha kwa kidole meli na mnara wa taa. "Maa," nikamwambia. Akanitazama machozi yakimtoka. Nilimfuta. Nilidhani nimempeleka mtu nyumbani.

Jumamosi alisema tena, na Jumapili tena. Linda hakuja Jumapili ile kwa sababu alikuwa na homa, na mwenye homa haruhusiwi kuingia. Nilifanya kazi mfululizo wiki hiyo nikimshikia mwenzangu aliyekuwa likizo, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa ni mimi. Kila alipolisema lile neno tulimnyanyua, tukamkalisha, tukampeleka mbele ya bahari. Siku ya tano aliushika mkono wangu tulipokuwa tunamfungia mikanda ya ile mashine, akaubana kwa nguvu ambazo sikutegemea anazo. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana hakuna aliyenizuia, "Twende mzee wangu, twende ukaione." Na kila mwisho wa zamu nilifungua fomu yake kwenye kompyuta. Pale penye swali kama mgonjwa amelalamika maumivu, niliweka tiki kwenye hapana. Tiki tisa.

Mtaniuliza kama nilitazama katikati ya nyusi. Nilitazama daftari.

Jumapili iliyofuata Linda alipona akaja, na alikuja na jambo jipya. Alikuwa amempata shangazi yake kule Genova, Bi Teresa, dada yake Baciccia, mwanamke mwenye zaidi ya miaka tisini anayeishi peke yake ghorofani. Jirani alikuwa amekubali kumshikia simu ya video. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Tulikwisha kumkalisha Baciccia kwenye kiti chake mbele ya picha. Uso wa Bi Teresa ukatokea, mdogo kama wa ndege, na mzee alipousikia ule mtiririko wa maneno ya kwao alifungua macho. Akasema sentensi yake ile ile.

Nilijisogeza mbele ya simu nikitabasamu. Nikamwomba Linda amwambie shangazi kwamba kila siku anaizungumzia bahari, na kwamba kila siku tunamwonyesha.

Linda alitafsiri kwa Kiitaliano chake cha kubahatisha. Bi Teresa aliweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kusema kwa kasi, na Linda akamwomba arudie, akamwomba tena arudie. Nikaona rangi ikimtoka Linda usoni kuanzia kwenye midomo.

"Hasemi bahari," aliniambia. "Neno ni moja kwa yote mawili. Anasema inamwuma." Akasikiliza kidogo. "Shangazi anauliza ni tangu lini."

"Tangu Ijumaa ya juma lililopita," nikasema.

Hakutafsiri. Sidhani ilihitajika.

Picha za eksirei hospitalini zilionyesha ufa kwenye nyonga ya kulia. Hakuna aliyejua ulitokea vipi. Mifupa ya mtu wa umri ule inaweza kupasuka kwa kugeuzwa tu vibaya chooni. Kwa kuwa alikuwa hatembei tena, hapakuwa na kuchechemea kwa kututahadharisha. Daktari alisema moyo wake hautastahimili upasuaji. Akarudishwa Maplewood na dawa za maumivu na muuguzi wa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Ule ufa, kwa kunyanyuliwa na kukalishwa mara tisa, kumi, ulikuwa umepanuka.

Jumatatu asubuhi nilimwendea muuguzi wa zamu, Kerubo, dada wa kwetu, ambaye pia tulikuwa tunasali naye. Nikamwambia nataka kuongeza maelezo kwenye faili: kwamba mgonjwa alilalamika kila siku, kwamba mimi ndiye niliyeambiwa, na kwamba mimi ndiye niliyemnyanyua. Alifunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, fomu inasema hakulalamika. Iache vile iko."

"Alilalamika."

"Kwa lugha gani? Nani angeelewa?" Akashusha sauti. "Watakunyang'anya cheti. Na wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

Alikuwa na haki ya kuogopa, na alikuwa na watoto watatu shuleni. Nilikaa kwenye gari mapumziko yote, injini ikinguruma kwa ajili ya joto, nikijaribu kujishawishi. Ningeweza kusema sikujua, na ingekuwa kweli. Halafu nikakumbuka jinsi alivyoubana mkono wangu. Nikarudi ndani nikaandika kila kitu, siku kwa siku, na jina langu chini.

Mkaguzi wa jimbo alikuja mara mbili. Kerubo alipewa onyo la maandishi, na mimi nikapewa onyo na kuhamishiwa upande mwingine wa jengo, nisimguse tena yule mzee. Cheti sikunyang'anywa. Kerubo hakunisalimu kwa miezi mingi. Tulipokuwa tunapeana mkono wa amani kanisani, alikuwa akianzia safu ya nyuma yangu. Sasa anaishi jimbo lingine. Nasema haya hapa kwa mara ya kwanza, na kama mtu atamfikishia, amwambie sikuwa na njia ya kuandika jina langu bila kivuli chake.

Linda nilimwomba msamaha kwenye korido ile ile, karibu na mashine ya soda. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Mimi ndiye niliyekuambia ni bahari," akasema. "Nimeishi naye miaka yote hiyo, na hilo ndilo neno nililokupa."

Hatukukumbatiana. Aliingia chumbani kwa baba yake, na mimi nikarudi kwenye zamu yangu.

Sikuruhusiwa kumhudumia, lakini kukaa naye wakati wa mapumziko hakuna aliyenikataza. Kwa majuma matano nilikula chakula changu cha mchana kando ya kitanda chake. Linda alikuwa ameniachia namba ya Bi Teresa, na yule jirani, kijana wa kike aliyejua Kiingereza, alikuwa anatushikia simu sote wawili. Safari hii nilijifunza kama mtu anayejifunza kazi. Niliuliza kwanza jinsi ya kusema inakuuma, halafu wapi, halafu mguu, mgongo, tumbo, halafu kidogo au sana. Kila neno nilimwomba Bi Teresa anipe na lile linalofanana nalo, ili nisidanganyike tena. Alikuwa mkali. Niliposema vibaya alinikatiza, na jirani hakuhitaji kutafsiri. Nilijifunza *son ki*, niko hapa. Nilimwambia Baciccia *son ki* kila nilipoingia na kila nilipobadilisha kitako kwenye kiti, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilimwomba Bi Teresa pia anifundishe kusema nisamehe. Nilifanya mazoezi kwenye gari njia nzima kutoka Brooklyn Park, nikaingia, nikamshika mkono, nikalisema. Alinitazama kwa makini sana. "Egua," akasema. Nikamwambia muuguzi, akamlowesha midomo.

Picha ya bandari Linda aliibandua. Ulibaki ukuta mtupu wenye alama nne za gundi.

Asubuhi aliyofariki theluji ilikuwa imeanza upya, na Linda alikuwa bado njiani kutoka Lakeville akisema magari hayasogei. Nilikuwa nimewahi kufika, zamu yangu ilikuwa haijaanza, nikaketi. Pumzi zake zilikuwa zimeachana mbali, kama mnavyofundishwa kwamba zitakuwa. Nikasema *son ki*. Akafungua macho, akasema sentensi ndefu. Haikuwa ile ya siku zote. Ilikuwa ndefu, yenye mwanzo na mwisho, imetamkwa wazi kama ya mtu mzima anayempa mwenzake maagizo kabla ya kusafiri. Alinisubiri nijibu. Sikujua hata neno moja ndani yake. Nikarudia *son ki*, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo. Akageuza uso. Linda aliingia nusu saa baadaye na theluji kwenye nywele, na nilikuwa nimeshamfumba macho baba yake.

Ile sentensi niliiandika nyuma ya mkono kwa kalamu wakati bado inavuma masikioni, kwa herufi zetu, kama nilivyoisikia.

Baada ya mazishi Linda alimpigia shangazi yake, na Bi Teresa akaomba kuongea na mimi. Hakuuliza habari za maua wala za kanisa. Aliuliza, kupitia kwa jirani, kaka yake alisema nini mwisho. Nikamwambia yapo maneno, nimeyahifadhi, na nitajaribu.

Niliyasoma. Bi Teresa alikunja uso, akasogeza sikio kwenye simu. Akasema, tena. Nikayasoma taratibu. Akajaribu kuyakata vipande kwa sauti yake mwenyewe, akajaribu kwa kuvuta hapa na kufupisha pale, akitikisa kichwa. Akasema, tena. Nilisoma mara sita au saba. Linda alikuwa amesimama nyuma yangu akinishika bega bila kujua kwamba ananiumiza. Mwishowe Bi Teresa alisema jambo la kifupi, na jirani akakawia kulitafsiri.

"Anasema asante. Anasema labda kinywa chako kimeyabadilisha. Hayafahamu."

Bi Teresa naye alifariki mwaka uliofuata, na Linda hakumjua mtu mwingine wa kumuuliza.

Mmenitaka niwaachie ushauri, na ushauri wa kazi nimeshautawanya humo ndani; aliyesoma kwa makini ameuona. Sina mwingine. Sentensi ya Baciccia sitaiandika hapa, kwa sababu kila ninapoiandika naona inazidi kuharibika. Lakini kuitamka bado naweza, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijui nasema nini.